Jiwe la Katikati ya Mto

Masomo: 2 Wafalme 2:19-22, Matayo 4:5-7

Salamu kwenu baba na mama, vijana na watoto, ninyi mlioko Manika na Dilala, ninyi wa Kapata, Luilu, Kanina na Kasulo, na ninyi wa kule Mutshatsha siku ambazo mawimbi ya redio yanawafikia vizuri. Leo sina mahubiri ya kupiga kelele. Nina neno la kusahihisha, na ninaomba mnisikilize mpaka mwisho, zaidi ninyi mliokuwa ibadani Jumapili ile baada ya Pasaka mkasimama na kunishangilia.

Jumatatu ya Pasaka tuliwapeleka vijana wa korali, pamoja na watu 11 waliokuwa katika mafundisho ya ubatizo, kutazama mahali papya pa maji. Wengine wataniuliza: juu ya nini kwenda mbali, na mji wetu unazungukwa na mito? Wapendwa, ninyi mnajua. Nilipokuwa kijana mama zetu walifua nguo Musonoie, na sisi watoto tuliogelea pale nguo zikikauka juu ya majani. Leo nani atamwambia mtoto wake aende kuogelea Musonoie? Mto unapita kati ya migodi, watu wanaosha mawe ya kobalti ndani yake, na rangi ya maji inajisemea yenyewe. Hata Ziwa Malo, kule Kapata, mnajua ni akina nani wanaoshinda ndani ya maji wakiosha mawe. Na si macho yetu peke yake: mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya kupima mkojo wa watu wanaokaa karibu na migodi ya Katanga, wakakuta kobalti kwa kiasi kikubwa kupita kawaida. Mimi siwezi kumzamisha mtu ndani ya maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, halafu atoke akijikuna.

Basi tukapanda mabasi madogo 2, na sufuria za bukari, sombe na makayabo, tukashika barabara ya kuelekea upande wa ziwa la Nzilo. Ziwa lile, kwa watoto wasiojua, si Mungu aliyelichimba. Ni watu waliofunga mto Lualaba kwa ukuta katika miaka ya 1950 ili kupata umeme wa migodi. Lakini vijito vinavyoingia pembeni ni vya tangu zamani, na kimoja kati yao ndicho tulichokuwa tukitafuta. Jina la kijiji sitalitaja. Nikilitaja leo, Jumapili ijayo mtakuwa pale wote na muziki wenu, na wenyeji hawakuniomba hilo.

Tuliteremka kwa miguu karibu nusu saa kati ya miti ya miombo. Tulisikia maji mbele ya kuyaona. Kijito kinashuka juu ya mawe, kinaanguka kimo cha watu wawili hivi, halafu kinatulia katika dimbwi pana, na maji ni safi mpaka unahesabu changarawe chini. Katikati kuna jiwe moja kubwa, jeusi, limelala kama ng'ombe. Upande wa huku maji yanafika kiunoni. Upande wa kule rangi inageuka kuwa ya giza. Vijana walipiga yowe la furaha. Mimi mwenyewe, na suti yangu ya mchungaji ikiwa ndani ya mfuko, nilitamani kuingia kwanza. Kuna furaha ambayo Mungu ameiweka ndani ya maji baridi, na mtu wa Kolwezi aliyekula vumbi mwaka mzima anaielewa haraka.

Pale ukingoni alikuwa ameketi mzee mmoja akishona wavu. Alitusalimu vizuri, akatupokea. Halafu aliniambia hivi: «Pasta, batoto boge huku. Kule nyuma ya libwe, hapana. Kule ni kwa Mambamuntu.»

Ninyi wote mnamjua Mambamuntu. Mmemwona katika picha zilizochorwa ambazo zamani zilitundikwa ukutani nyumba nyingi za Katanga: mwanamke mweupe mwenye nywele ndefu na mkia wa samaki, anayetoa utajiri na kudai mtu. Na mimi, mara tu niliposikia jina lile, nilisahau mengine yote aliyoyasema mzee. Sikumuuliza kitu. Nilisimama mbele ya vijana, nikasema kwa sauti kubwa kwamba sisi hatutawaliwi na pepo za maji, kwamba Aliye ndani yetu ni mkuu, na kwamba siku hiyo mto ule wote, pande zote mbili, unawekwa huru. Vijana walisema Amina mara tatu. Mzee aliinamisha kichwa akaendelea na wavu wake.

Kumbukeni, wapendwa, ilikuwa mwisho wa masika. Mvua ya usiku ilikuwa imenyesha huko juu, na maji yalikuwa na nguvu kupita yanavyoonekana.

Kijana mmoja wa miaka 16, mmoja wa wale 11, alizunguka jiwe kwanza. Alikuwa anacheka, akitugeukia na kupunga mkono. Halafu mkono ukashuka. Alitokea tena mbali kidogo, mdomo wazi, akashuka tena. Mimi nilikuwa ukingoni, nimenyosha mikono, ninakemea. Nilikemea maji, nilikemea mauti, nilikemea kila kitu kilichokuja kinywani, na miguu yangu haikusogea. Mwimbaji mmoja wa besi, kijana mwenye nguvu, alikimbia kujirusha ndani. Mzee alimpiga kwa fimbo kifuani, kweli kweli, mpaka akaketi chini. Kisha mzee akapanda juu ya jiwe na mti wake mrefu wa kusukumia mtumbwi, akaushusha juu ya maji mahali ambapo sisi tuliona hakuna mtu, akangoja. Tulimlilia: «Tata, yuko kule!» Hakugeuka. Alisema tu: «Maji inarudisha.» Na kweli maji yalizunguka, yakamleta yule mtoto mpaka kwenye mti, akaushika.

Tulimvuta. Alitapika maji, alitetemeka, lakini alipumua. Tulimpeleka kwenye kituo cha afya, na muuguzi akakataa asirudi nyumbani usiku ule. Alitueleza kwamba mtu aliyekunywa maji na kuyaingiza mapafuni anaweza kuonekana mzima, halafu kifua kikamfunga saa kadhaa baadaye. Shikeni hilo, wazazi.

Sasa ninafika kwenye jambo lililonileta hapa.

Jumapili iliyofuata nilitoa ushuhuda. Wengi mliusikia, maana ulipita pia katika redio hii. Nilisema kijana alizama, nikaliita jina la Yesu, na mto ukamrudisha. Kila neno lilikuwa kweli. Niliita, na mto ulimrudisha. Kanisa lilicheza, ngoma zilipigwa, sadaka ya shukrani ilitoka. Juu ya mzee nilisema kwamba «mtu mmoja wa kijiji alitusaidia kumvuta». Juu ya maonyo yake sikusema kitu.

Juma la tatu mama wa yule kijana alikuja ofisini. Ni mama mjane, anauza makala sokoni, hana maneno mengi. Aliketi, akaniuliza: «Pasta, ni kweli yule tata alikuambia mbele ya mtoto wangu kuingia?» Mwanawe alikuwa amemweleza yote. Nilitafuta jibu la kichungaji na sikulipata. Nikasema: «Ndiyo, mama, aliniambia.» Akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Basi ile Jumapili ulitoa ushuhuda wa nani?» Na mbele ya kutoka aliniambia hataliacha kanisa, lakini yale ninayopaswa kuyasema niyaseme mahali pale pale niliposemea ya kwanza.

Kwa hiyo ninayasema. Mzee alinionya. Nilimdharau. Mtoto wa mjane karibu afe juu ya kiburi changu, halafu nikakipamba kiburi kile kwa Haleluya.

Fungueni Matayo sura ya 4. Ibilisi alimpandisha Bwana juu ya mnara wa hekalu, akamwambia ajitupe, na akamtajia Zaburi ya 91, ile ya malaika wanaobeba mtu mikononi. Zaburi ni ya kweli! Hakuna kosa ndani ya Zaburi ya 91, wengi wetu tumeishika kwa kichwa. Lakini Bwana wetu alikataa kuitumia kama ngazi ya kurukia. Ahadi ya Mungu alimpa mtu anayetembea katika njia yake, hakumpa anayetaka kuwaonyesha watu kwamba anaweza kuruka. Mimi nilipanda juu ya mnara, na ubaya zaidi, sikuruka mimi. Nilimrusha mtoto wa mwenzangu.

Halafu someni 2 Wafalme 2. Elisha amefika Yeriko, vazi la Eliya liko mkononi, ametoka kuivuka Yordani kwa miujiza. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kujivuna mbele ya maji, ni yeye. Watu wa mji wanamjia, wanamweleza kwamba mji ni mzuri kukaa lakini maji yake ni mabaya na nchi inaharibu matunda. Angalieni: wenyeji wanasema, nabii anasikiliza. Hawaambii kwamba wana imani haba. Anaomba bakuli jipya na chumvi, kisha anakwenda mpaka kwenye chemchemi yenyewe, pale maji yanapotoka, si pale watu wanapomtazama. Na katika sura ya 6, chuma cha shoka kilipozama Yordani, aliuliza kwanza kimeangukia wapi, ndipo akakata mti na kuutupa mahali pale. Mtu wa Mungu aliuliza! Miaka yangu yote ya chuo cha Biblia nilisoma sura hizi, nikafanya mtihani juu yake, na sikuliona neno lile mpaka mzee mmoja aliponionyesha kwa mti wa mtumbwi.

Najua ndugu mmoja atanijibu kwa Matendo 27: akida aliwasikiliza nahodha na mwenye merikebu, akamwacha Paulo, na merikebu ikavunjika. Vizuri, nimelifikiri hilo pia. Lakini Paulo alisema nini pale? Aliwaonya juu ya safari, maana siku za kufunga zilikuwa zimekwisha kupita na safari imekuwa ya hatari. Na katika 2 Wakorinto 11 anatuambia kwamba alivunjikiwa na merikebu mara tatu, akakaa kilindini usiku na mchana. Paulo aliijua bahari kwa ngozi yake. Pale Pasaka, mwenye kuijua bahari hakuwa mchungaji.

Lualaba wetu huu umekwisha kumdanganya mtu wa sala mbele yangu. Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871, akautazama Lualaba unavyokwenda kaskazini, akatumaini kwamba ndiyo Nile. Alikufa mwaka 1873, na wanasema walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Sala yake sina shaka nayo. Lakini mto haukugeuka kwenda Misri. Stanley aliufuata mwaka 1876 na 1877 mpaka ukamtoa Boma, karibu na bahari ya Atlantiki. Na baba yetu wa Kipentekoste, Burton, aliyefika Mwanza pamoja na Salter mwaka 1915 kupeleka Injili kwa Waluba, alikaa miaka mingi akiwauliza wazee na kuandika. Kitabu chake juu ya dini na uganga wa Waluba kilichapishwa Tervuren mwaka 1961. Hakukubali uganga hata siku moja, lakini aliwasikiliza wazee. Sisi watoto wake tumerithi kukemea, kusikiliza tukakuacha barabarani.

Mtu asitoke hapa akisema mchungaji sasa anamwamini Mambamuntu. Simwamini. Hakuna mwanamke wa maji anayegawa utajiri, na anayekwenda kwake usiku kutafuta pesa ya magari anajiuza mwenyewe. Mafundisho yangu hayakubadilika. Ninachosema ni kwamba mzee aliniambia mambo mawili, jina moja na mahali pamoja, na mimi nilipigana na jina mpaka nikasahau mahali.

Mwezi wa tano nilirudi kule peke yangu kwa pikipiki, na sukari, chumvi na sabuni. Niliomba msamaha. Mzee aliupokea haraka kuliko nilivyotarajia, akatuma mjukuu kuleta kiti. Nikamuuliza: «Tata, wewe kweli unamwamini Mambamuntu?» Alicheka mpaka akakohoa. Akasema yeye ni mtu wa Garenganze, kanisa la wale waliofika kwa Msiri kule Bunkeya mwaka 1886, na kwamba alibatizwa katika dimbwi lile lile, upande wa huku wa jiwe, mimi nikiwa bado sijazaliwa. Wazee wa kanisa walikuja siku moja mbele, wakamuuliza baba yake maji yako namna gani. «Na wewe juu ya nini unawaambia watu Mambamuntu?» Akasema: «Batoto habaogope maji, Pasta. Mambamuntu banamuogopa.» Kisha, bila kubadili sauti, akaniambia kwamba mwana wake wa kwanza alibaki nyuma ya jiwe lile. Wakati ule hapakuwa na mtu juu ya jiwe.

Tulikaa. Halafu alinifundisha, na ninawapa kama alivyonipa, maana wikendi mnakwenda mitoni na hamtaacha kwenda.

Mbele ya kuingia, tupa kijiti kikavu na ukitazame. Kikienda polepole ukingoni, vema. Kikizunguka na kurudi, kuna mzunguko pale, nao hushika mtu. Kikimezwa na kisionekane upesi, hapo si mahali pa mtu. Maji meupe yenye povu chini ya maporomoko yamejaa hewa, hayabebi mwili, hata fundi wa kuogelea anashuka. Mvua ikinyesha huko juu, usingoje kuiona wewe. Maji yakianza kuwa na udongo na majani, tokeni. Usiruke kichwa chini pahali ambapo hujapapasa kwa miguu. Na mtu akizama, usimrukie: watu wawili huzama kwa kumpenda mmoja. Mpe mti, mpe kamba, au mtupie bidoni tupu la lita 20 lililofungwa kizibo. Nyumba gani ya Kolwezi haina bidoni la njano? Lile linalobeba maji ya kunywa linaweza kubeba mtu.

Nami ninaongeza mawili. Maji yaliyosimama, yenye majani na konokono, yana kichocho. Mtoto akikojoa damu mpelekeni kituoni, dawa yake ipo na haina haja ya maombi ya kufukuza laana. La pili, mashimo ya migodi ya zamani yaliyojaa maji si mahali pa kuogelea. Kingo zake zimekatwa wima, mtoto akiingia hana pa kushika, na kilichoyeyuka ndani yake hatukijui. Msidanganyike kwa rangi yake nzuri ya kijani.

Ubatizo utafanyika pale pale, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane, baridi ikiwa imepungua na maji yakiwa chini. Mzee amekubali, na atakuwa juu ya jiwe na mti wake. Tutafunga kamba kutoka ukingo mpaka ukingo, na bidoni 4 juu yake, na hakuna atakayepita kamba, wala mchungaji. Yule kijana amesema atabatizwa. Sikumsukuma, alikuja mwenyewe. Mama yake ameomba ashike ncha ya kamba upande wa huku, na nimemwambia ndiyo. Mabasi yataondoka mbele ya kanisa saa 12 asubuhi. Kila mtu alete nguo za kubadili na chakula chake, na mwenye kamba nzuri ya nailoni nyumbani aje nayo ofisini mbele ya Alhamisi.